Lisandro Barahona Anastaafu Akiwa Hai

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, filamu arobaini na moja na vifo thelathini na tisa, Mzee Lisandro Barahona anaagana na uigizaji Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa chakula hapa studioni Midrand. Ndiyo, mmesoma vizuri, vifo thelathini na tisa! Kipo na kimoja chenye ubishi, kwa sababu alizama baharini na maiti haikuonekana, na walinzi wa getini mpaka leo wanabishana kama kihesabiwe au kiachwe. Inabaki filamu moja, ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya niombe ukurasa huu wa Kiswahili wa jarida letu niuandike mimi, Vestine, mkuu wa chumba cha kushona, ambaye kwa kawaida siandiki kitu kirefu kuliko orodha ya vifungo.

Mzee Lisandro alizaliwa La Ceiba, mji wa pwani nchini Honduras, nchi ya Amerika ya Kati ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa sababu yake. Aliigiza jukwaani kwao, kisha akaenda Mexico akacheza tamthilia za televisheni, akiwa daktari mtanashati ambaye wagonjwa wake wote walikuwa wanawake na hakuna aliyetaka kupona. Mwaka 1998 aliletwa Johannesburg kwa wiki mbili tu, kucheza askari jela katika filamu ya Wamarekani. Siku ya tisa akapigwa risasi. Wakamwomba abaki kidogo kwa ajili ya filamu nyingine, akapigwa risasi tena. Katikati ya risasi hizo mbili akakutana na Orpha, mwalimu wa hisabati wa mtaa wa Kensington, na zile wiki mbili zikazaa ndoa, mabinti wawili, na mti wa ndimu unaomwaga ndimu zake zote uani kwa jirani.

Wageni hutuuliza kwa nini mtu mmoja afe mara zote hizo. Sababu ni hii: watengenezaji wa filamu huja Johannesburg kutafuta miji mingine. Troyeville, na ngazi zake na baraza zake za kizamani, imeshakuwa Havana, imeshakuwa Caracas, na mara kadhaa imekuwa mji usio na jina ambao kazi yake ni kulipuliwa. Tunafunika robot zote, zile taa za kuongozea magari, tunabadilisha namba za magari, tunapachika kibao cha Kihispania juu ya spaza, kiduka cha Suhaib. Safari moja tulisahau kukiondoa kile kibao, na sasa watoto wa mtaa ule wakitumwa mkate wanasema wanakwenda bodega. Baada ya kupata mji, anatakiwa mtu wa kutoka huko, na aliyekuwa karibu siku zote alikuwa ni huyu mmoja. Akawa mfalme wa dawa za kulevya mara kumi na moja, jenerali mara sita, Mtaliano mara mbili, Mgiriki mwenye meli mara moja, na Mrusi mara moja kwa msaada wa masharubu. Watu wa namna hiyo hawafiki mwisho wa filamu.

Sasa niwaeleze shati la kufia, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotokea mwaka jana.

Asiyeijua kazi yetu hudhani mwigizaji akishakufa hufuliwa shati lake, basi. Thubutu! Kila kifo kinataka mashati matano yanayofanana mpaka uzi wa vifungo: moja safi la kuingilia, na manne ya kufia, yenye mifuko midogo kwa ndani ya kubebea damu. Damu hiyo huipika Falonne, msusi na mpambaji wetu kutoka Lubumbashi, kwa sukari, rangi na kakao kidogo, katika sufuria ambayo ni marufuku kupikia kitu kingine. Mwongozaji akitaka kurudia, unavua lililolowa, unavaa jingine, unakufa upya. Tangu nilipofika hapa mwaka 2004 nimemshonea Mzee zaidi ya mashati mia ya namna hiyo. Mabega yake nayajua kuliko ya mume wangu, na mume wangu hilo ameshalizoea.

Jambo jingine la chumba chetu: karatasi za kuchorea mitindo hatununui. Studio hii hutupa miswada kwa magunia, kwa hiyo sisi huchukua kurasa zilizokwisha kazi, tunazibandika kwa gundi, tunachora juu yake kola na mikono, tunakata. Fungua kabati letu utakuta mkono wa koti wenye maneno ya mapenzi na kola iliyojaa matusi. Na kila waandishi wanapobadilisha hadithi, kurasa mpya hutolewa kwa rangi nyingine, buluu, kisha waridi, kisha njano, ili mtu asizichanganye na za zamani. Ndivyo inavyokusudiwa, angalau.

Kiswahili Mzee alijifunzia kwetu, kwenye stuli iliyo kati ya pasi na dirisha, kwa hiyo ana Kiswahili cha nchi nne kwa wakati mmoja. Wakongo wanamwita Papa Lisandro, sisi Warundi tunamwita Mzee, na yeye anajibu kote kote. Kuna filamu moja alikuwa anawaamrisha walinzi wake, na walinzi hao walikuwa vijana wetu wa Bukavu na Bujumbura waliokodishwa kwa siku ile. Amri zilikuwa za Kihispania, vijana wakasimama wanamtazama tu. Alipochoka akawapigia kelele, kwa sauti ya kutisha sana, "Fungeni mlango, mbu wanaingia!" Wakaruka wote kwa pamoja, mlango ukafungwa, na wakubwa wakasema hiyo ndiyo bora kuliko zote. Imo katika filamu mpaka leo. Shemeji yangu aliiona akiwa Gitega, akanipigia simu kuniuliza kama masikio yake yana kasoro.

Siku ya nyuki nayo siwezi kuiruka. Alikuwa amelala maiti kwenye bustani moja ya Kensington, damu ya Falonne imemjaa kifuani, na nyuki wakasikia harufu ya sukari. Walikuja kama kumi. Mmoja akamtembea mdomoni, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Wapiga picha walikimbia wawili. Mzee hakupepesa jicho mpaka mwongozaji alipotoa ruhusa, na hapo ndipo maiti ikaketi, ikasema "Eish," ikaomba maji.

Tuzo anayo moja, ya mwigizaji msaidizi, ameuzuia nayo mlango wa stoo. Kazi anayojivunia ni darasa la Jumamosi. Kwa miaka kumi na minne, katika ukumbi wa kanisa karibu na kwake, amewafundisha bure wahamiaji namna ya kuanguka bila kuumia, kusimama mbele ya kamera bila kuitazama, na kukasirika bila kupiga kelele. Humo wametoka watu ambao leo wanaishi kwa kazi hii. Salvator wa getini, ambaye mnamjua kwa ukali wake wa vitambulisho, ameshacheza kanali mara mbili na kufa mara nne, na siku hizi ukimsalimu anachukua muda kidogo kabla ya kuitika.

Lakini ninataka kuwaambia habari za Doña Eduviges, mama yake Mzee.

Filamu yake ya kwanza ilipofika La Ceiba mwaka 1999, ukoo mzima ulivaa nguo za kanisani ukaenda sinema. Mama alipomwona mwanawe akianguka na damu kifuani, alisimama akapiga mayowe mpaka taa zikawashwa na filamu ikakatwa. Ndugu wakampigia simu Lisandro palepale, naye akamthibitishia mama kwa sauti yake kwamba ni mzima, yuko jikoni Kensington anamenya ndizi. Mama akajibu kwamba ameshukuru, ila filamu ya mwanawe hataitazama tena mpaka ile atakayotoka kwa miguu yake mwenyewe. Tangu hapo kila alipopata kazi, mama alimuuliza kwa simu swali moja tu: unatoka? Mzee anaweza kumdanganya mtazamaji yeyote duniani, lakini mama yake hawezi. Kwa miaka ishirini na sita jibu likawa lile lile, hapana, Mama. Mwigizaji aliyeonekana katika nchi sijui ngapi, na mama aliyemzaa tangu siku ile hakuona filamu yake hata robo saa.

Mwaka jana Doña Eduviges alitimiza miaka tisini na tatu. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika siku nyingi, na la kulia daktari alilikadiria mwaka mmoja, pengine na nusu. Lilikuwa linabakiza maumbo na rangi kali tu. Mzee alituambia haya akiwa kwenye stuli yake, na hakuwa analalamika. Alikuwa anatueleza kwa nini amekubali kazi moja tu ya mwisho: filamu ambayo Jenerali Ledesma, mtu mbaya aliyejuta, anashuka ngazi na kwenda zake. Anakwenda zake! Alikuwa ameshampigia mama, mama ameshauliza, na yeye kwa mara ya kwanza amejibu ndiyo.

Chumba kizima kilishangilia, na Falonne akalia waziwazi. Mimi nikashona shati moja, moja tu, la rangi ya haradali iliyokolea, ambayo hata jicho lililochoka linaweza kuifuata. Rangi hiyo niliichagua mwenyewe na kumshawishi mwongozaji kwamba inawiana na kuta za Troyeville. Mwongozaji alikuwa mama mmoja wa Kanada tuliyemwita Mama Saa, kwa jinsi alivyoitazama saa yake hata akiwa anapiga chafya. Kazi yake ilikuwa nzuri sana, na hakuwahi kurekodi tukio chini ya mara nne.

Wiki ya tano, jioni, zikatoka kurasa za waridi. Ukurasa wa tisini na saba ulisema Jenerali anafika kwenye ngazi, anapigwa risasi kutoka dirishani, anaanguka. Nakala yetu ililetwa chumbani kama kawaida. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, na Ignace, fundi wetu wa kukata, mtu wa Uvira, makini kuliko sisi sote, aliziona mezani akadhani ni za filamu iliyopita, ambayo kurasa zake za waridi zilikuwa zimezagaa kila kona. Akapaka gundi, akabandika, akachora kola, akakata.

Kesho yake saa moja asubuhi, Troyeville, Mama Saa akaniomba mashati manne ya kufia. Nilimtazama nisielewe. Nikampigia Ignace simu kumuuliza kama kurasa mpya zililetwa, nikasikia mkasi ukiwekwa mezani. "Mama Vestine," akasema, "ile karatasi ya rose nilishaikata kola. Nilizani ni ya zamani."

Mzee alikuwa amesimama pembeni, shati la haradali mwilini. Yeye kurasa zake alizisoma usiku uliotangulia. Hakuwa amempigia mama yake, na hakuwa amemwambia Mama Saa neno lolote, kwa sababu ana sharti lake la miaka yote kwamba mwigizaji habishani na ukurasa. Aliniona ninavyomtazama. "Ni kazi, Vestine," akaniambia kwa upole. "Shona." Ninakiri hapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu mzima.

Mama Saa akaniuliza kitambaa kimebaki kiasi gani na mashati manne yatachukua saa ngapi. Nikamjibu kwamba jora limeisha, na duka la Fordsburg lilikuwa na lile moja tu. Akaitazama saa. Nyumba yenye zile ngazi, tuliyoikodi, ilitakiwa kurudishwa kwa wenyewe saa nane mchana, na yule nyota wa filamu, ambaye ndiye wa kufyatua risasi, alikuwa na ndege jioni ileile. Shati moja maana yake ni kufa mara moja, na kwa Mama Saa mara moja si kitu. Akaitazama saa tena. Kisha akachukua kalamu, akaandika upya ukurasa ule gotini, akamwita Mzee: utashuka ngazi, utaingia kwenye lile duka, utanunua mkate, utakwenda zako. Na nyota akaambiwa asimame dirishani na bunduki yake, alenge, halafu aishushe.

Walirekodi mara nne, bila shaka. Mikate minne ya Suhaib tuliila sote kwa chai. Mara ya nne jua lilikuwa limeingia kwenye ngazi, Mzee akashuka polepole, mkono kwenye ukuta, akatoka dukani na mkate kwapani, akapinda kona. Falonne alikuwa ameshika chupa yake ya damu, imejaa, hajaifungua.

Tulisubiri miezi saba kujua kama wakubwa wa ng'ambo wangekubali au wangeagiza arudi kufa. Miezi saba! Kila wiki Ignace alikuwa ananiuliza, na kila wiki nilimjibu anyamaze. Mwezi wa tatu barua ikaja kwamba mwisho unabaki ulivyo.

Na mwezi wa sita, Jumapili moja saa kumi na moja jioni kwetu, saa tatu asubuhi La Ceiba, tulijibana watu saba sebuleni kwa Orpha. Kule Honduras mpwa wa Mzee alikuwa ameegemeza simu kwenye bakuli la sukari, kamera ikimwelekea bibi. Filamu sisi hatukuitazama, tuliutazama uso wake yeye akiitazama. Alikaa mbele kabisa ya televisheni, rozari mkononi, miguu haifiki chini. Saa nzima na nusu akawa anauliza yuko wapi, na mpwa anamwelekeza. Ilipofika kwenye ngazi alishuka kitini. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akaweka kidole juu ya ile rangi ya haradali, akaifuata ngazi kwa ngazi kwenda chini. Mzee Lisandro, aliyekufa mara thelathini na tisa bila kupepesa, alikuwa amejifunika uso kwa mto wa kochi.

Kidole kikapinda kona. Bibi akageuka, akasema maneno mengi ya Kihispania kwa ukali. Mzee akawa anacheka na machozi yanamtoka, sisi tunamvuta mkono atutafsirie. "Anasema nifunge kifungo cha kola," akatuambia. "Anasema asubuhi kuna baridi." Kisha bibi akaagiza filamu ianzwe upya.

Basi, nina ungamo. Jora halikuwa limeisha. Zilikuwepo mita tatu na nusu, kwenye rafu ya juu hapa Midrand, nyuma ya sare za marubani, na zingetosha. Mita moja iliyopungua tungeifidia kwa kuunga migongo, na kwa mashine nne tungeyatoa mashati yote manne kabla ya saa sita. Mzee hajui mpaka anasoma hapa. Mama Saa naye hajui, yuko Kanada na hasomi Kiswahili, na akitokea mtu wa kumtafsiria, mimi nakaa cherehani ya tatu kutoka mlangoni. Ignace aliomba msamaha mwaka mzima kwa kosa ambalo ningempa zawadi kwalo. Ignace ndugu yangu, pumzika sasa.

Mzee, tunakushukuru kwa kila stuli uliyokalia na kila chai uliyotuachia nusu. Asante kwa Jumamosi za kanisani, kwa kumpa Salvator ukanali, kwa kutuita mafundi mbele ya watu waliotuita wasaidizi. Kufa umetufia vya kutosha, sasa nenda ukaishi, wewe na Orpha, na mkae sana.

Tunajua tarehe pili Septemba mnapanda ndege kwenda La Ceiba, na tunajua lile jicho la mama limepungua tangu Juni. Kwa hiyo kwenye kifurushi utakachopewa Ijumaa kuna shati la haradali, la kitambaa kilekile. Kola yake Ignace ameikata kwa ukurasa wa tisini na saba. Kwa ndani halina mfuko wowote. Livae siku ya kufika, ufunge na kifungo cha juu. Ukitoka kwenye mlango wa uwanja wa ndege, tembea polepole kidogo, akuone unavyokuja.